Nyumba Ilipatikana Kabla ya Mtaa: Uchambuzi wa Kisa cha Kaya Iliyohamia Jiji Geni

Kaya inayochambuliwa hapa ina watu watano. Mama ni muuguzi aliyepata kazi katika hospitali kubwa ya jiji ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi. Mumewe ni mhasibu anayefanya kazi zake nyumbani siku tatu za juma. Binti yao ana miaka 13, mdogo wake wa kiume ana miaka 7, na bibi yao mzaa mama ana miaka 71 na magoti yanayomsumbua kiasi kwamba ngazi za ghorofa moja kwake ni safari. Kati ya barua ya ajira na siku ya kuripoti kazini walikuwa na majuma sita. Jiji sitalitaja, kwa kuwa jina lake halibadilishi chochote: lina sehemu ya kati iliyobanana, viunga vinavyopanuka mwaka hadi mwaka na barabara zisizotosha, na majiji ya namna hiyo ni mengi.

Nilipoombwa ushauri, nyumba ilikuwa imeshapatikana, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Mume alikuwa amepitia picha za nyumba kwa usiku kadhaa na kuipenda moja iliyoko viungani, kilomita 22 kutoka hospitali, yenye vyumba vinne, ua, na kodi ambayo ingechukua asilimia 24 tu ya mapato ya kaya. Mtaa ulikuja ukiwa umeambatana na nyumba, bila mtu yeyote kuuchagua. Nilipouliza duka la dawa la karibu liko wapi, au usafiri wa umma unakoma saa ngapi, hakukuwa na jibu, ingawa idadi ya madirisha ya sebule ilijulikana kwa usahihi.

Katika orodha yao zilibaki nyumba nyingine mbili walizokuwa karibu kuziacha. Ya kwanza ilikuwa katika mtaa wa zamani ulio kando ya mto, kilomita 6 kutoka hospitali, kwa kodi ya asilimia 22 ya mapato. Ya pili ilikuwa fleti ndogo katikati ya jiji, kilomita 2.5 kutoka hospitali, kwa asilimia 36. Kwa urahisi nitaiita mitaa hiyo mitatu Viungani, Bondeni na Kati. Hoja ninayoisimamia ni kwamba mtaa hupaswa kupimwa kwa saa za yule mwanakaya ambaye nafasi yake ya kujiamulia ni ndogo kuliko ya wengine wote, na kwamba kaya hii, kama kaya nyingi, ilikuwa imepima kwa saa za wenye mishahara peke yao.

Tuanze na kodi, maana ndiyo iliyowavuta. Mwaka 1964 mwanauchumi William Alonso aliweka katika hesabu jambo ambalo kila mpangaji hulihisi: kadiri mtu anavyosogea mbali na kitovu cha jiji ndivyo bei ya ardhi inavyoshuka, kwa sababu gharama za kusafiri zinapanda. Maana yake ni kwamba unafuu wa nyumba ya mbali kwa sehemu kubwa si unafuu, kwa kuwa kilichopungua kwenye kodi huhamia kwenye nauli, mafuta na muda. Kituo cha utafiti cha Center for Neighborhood Technology, chenye makao yake Chicago, kilipendekeza kwa sababu hiyo kwamba makazi na usafiri vihesabiwe pamoja, na kikaweka kikomo cha asilimia 45 ya mapato kwa jumla ya vyote viwili, yaani 30 kwa makazi na 15 kwa usafiri. Vikomo vya aina hiyo si amri. Hata hivyo, kule kuviweka viwili hivyo kwenye mstari mmoja kunabadilisha picha.

Tuliviweka. Viungani kungehitajika gari la pili, kwa kuwa muuguzi angeondoka na la kwanza na wengine wasingekuwa na namna ya kufika popote. Usafiri ungechukua asilimia 19, na jumla ingekuwa 43. Kati usafiri ungechukua asilimia 4, na jumla ingekuwa 40. Nyumba iliyoonekana ya gharama kubwa kuliko zote iligeuka kuwa nafuu kuliko ile waliyokuwa tayari kuilipia amana. Mume aliirudia hesabu ile mara tatu, na simlaumu, kwa sababu hakuna tangazo la nyumba linaloandika gharama ya gari la pili.

Bondeni hesabu ilitoa asilimia 31 kwa jumla, na mtu mwenye haraka angefungia mjadala hapo. Lakini fikra ileile ya Alonso inafanya kazi kinyumenyume: ikiwa umbali ndio unaoshusha kodi, basi nyumba iliyo karibu na yenye kodi ya chini kuliko ya mbali ina jambo lingine linaloishusha, na mpangaji mgeni ndiye mtu pekee katika jiji zima asiyelijua. Kodi ni habari. Wenyeji wameshaisoma, na bei ndiyo muhtasari wa walichosoma. Muuguzi alipokwenda kuangalia aliona kwenye kuta za nyumba kadhaa mstari mmoja ulionyooka, usawa wa kiuno, ambapo rangi ya chini ilikuwa imepauka kuliko ya juu. Dalali alisema ni unyevu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha doa lenye ukingo usio sawa. Mstari ulionyooka nyumba hadi nyumba huachwa na maji yaliyotuama.

Kuhusu mafuriko watu hukosea upande wa hofu na upande wa kupuuza pia, kwa hiyo inafaa kuhesabu. Mahali panapoelezwa kuwa na mafuriko ya mara moja kwa miaka 100 pana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, wala haina maana kwamba yakitokea leo hayatarudi mpaka karne ipite. Kwa anayenunua na kukaa miaka 30, uwezekano wa kuyakuta angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Kwa anayepanga miaka mitatu ni karibu asilimia 3, na wapo wanaoweza kuikubali hatari hiyo kwa macho mawazi. Ila wakazi wa mtaa ule, walipoulizwa mmoja mmoja, walitaja miaka ya mafuriko iliyokaribiana kiasi cha kuonyesha kwamba makadirio ya mara moja kwa miaka 10 yalikuwa karibu na ukweli, na kwa kiwango hicho miaka mitatu tu ya upangaji hubeba asilimia 27, yaani hatari sawa na ile ya mnunuzi wa miaka 30 katika mfano wa kwanza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, na ndani yake angelala mwanamke mwenye magoti mabovu. Bondeni ikafutwa.

Sasa barabara. Ramani ya simu ilionyesha dakika 35 kutoka Viungani hadi hospitali, na dakika hizo zilikuwa za kweli saa ilipotazamwa, yaani saa 5:00 usiku, watoto wakiwa wamelala. Siku ya kazi, kwa anayeingia mjini saa moja na wengine wote, safari ilichukua kati ya dakika 55 na 90. Wastani si kipimo kizuri hapa. Anayepokea zamu hawezi kuchelewa kwa kuwa kuna mtu anayesubiri kuikabidhi, kwa hiyo hulazimika kuondoka nyumbani kana kwamba kila siku ni siku ya dakika 90. Zile dakika anazookoa siku nzuri hazimrudii. Anazikalia kwenye gari mbele ya hospitali.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti alionyesha kwamba watu wa nyakati na mahali mbalimbali huelekea kutumia takribani saa moja kwa siku njiani, na kwamba vyombo vya usafiri vikiongezeka kasi, watu huhamia mbali zaidi badala ya kupunguza muda wa safari. Nao Bruno Frey na Alois Stutzer, wanauchumi wa Uswisi, katika uchambuzi wa takwimu za Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008, walikuta kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini huripoti kuridhika kidogo na maisha, ingawa kwa nadharia nyumba bora au mshahara mkubwa ungepaswa kuwafidia. Ninavyoyasoma matokeo hayo, mtu huuona ukubwa wa nyumba siku ya kuitembelea, na foleni huikadiria kwa kukisia.

Hata hivyo, nilipoipanga ratiba ya muuguzi kwa juma zima, nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Zamu zake zilikuwa nne kwa juma, za saa 12 kila moja, na mbili kati yake zilianza saa 1:00 usiku na kumalizika saa 1:00 asubuhi. Katika zamu hizo angeingia mjini watu wakitoka na kutoka mjini watu wakiingia, kwa hiyo foleni ingekuwa upande wa pili wa barabara. Kwa zamu za usiku Viungani haikuwa mbali kama ilivyodhaniwa. Tatizo lilikuwa hali yake anapoendesha. Aliyeamka saa 8:00 mchana na kumaliza kazi saa 1:00 asubuhi amekaa macho saa 17, na jaribio la Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia, lililochapishwa mwaka 1997, lilionyesha kuwa baada ya saa 17 bila usingizi utendaji wa mtu hushuka kufikia kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi kinatosha kumkataza kushika usukani. Swali la kilomita likageuka kuwa swali jingine: je, kutoka hospitali hadi nyumbani mtu huyu anaweza kufika bila kuendesha gari mwenyewe? Viungani jibu lilikuwa hapana.

Ila aliyekuwa anaelekea kuumia zaidi Viungani hakuwa muuguzi. Tulipofuata siku ya kawaida ya kila mmoja, tangu kuamka hadi kulala, ilionekana kwamba binti wa miaka 13 angetegemea gari kwa shule, kwa rafiki, kwa mazoezi na hata kwa kununua daftari, na kwamba bibi angetegemea gari kwa kila kitu bila ubaguzi. Mtu mzima huenda kwa miguu takribani mita 400 kwa dakika tano. Kwa mwendo wa bibi mita hizo ni dakika kumi na mbili pamoja na kupumzika mara moja, na ndani ya mita 400 za nyumba ile ya picha nzuri hapakuwa na kitu chochote isipokuwa nyumba nyingine za picha nzuri. Mume alikuwa akisema mama mkwe wake angepata ua wa kukaa. Angekaa, naam, na asingetoka.

Baada ya hapo wote waliegemea Kati, nami nikaegemea nao, mpaka tulipofikia suala la kelele. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, iliyotolewa mwaka 2018, inapendekeza kelele za magari barabarani zisizidi desibeli 53 kwa wastani wa siku nzima na 45 usiku. Fleti ya Kati ilikuwa kwenye barabara ya nyuma, na usiku ilikuwa tulivu kiasi cha kushangaza. Mume alikwenda kuisikiliza mara mbili, na mara zote mbili usiku, akidhani anafanya uangalifu mkubwa. Ila mkewe, siku zile za zamu za usiku, angelala kati ya saa 3:00 asubuhi na saa 8:00 mchana. Tulipokwenda saa 4:00 asubuhi ya siku ya kazi tulikuta chini ya dirisha la chumba cha kulala karakana ya samani ambayo msumeno wake wa umeme haukukaa kimya dakika tano mfululizo. Ushauri wa kwenda kuusikiliza mtaa usiku umeandikwa kila mahali, nami nimewahi kuutoa. Kwa kaya hii ulikuwa ushauri mbaya.

Suala la shule lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mengine, na nadhani lilistahili nusu ya muda huo. Mume alikuwa amesoma kuhusu jaribio la Marekani lililoandikisha familia kati ya mwaka 1994 na 1998 katika majiji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ambapo baadhi ya familia zilizokuwa zikiishi katika makazi ya umma ya maeneo maskini sana zilipewa kwa bahati nasibu hati za kuzisaidia kuhamia maeneo yenye umaskini mdogo. Wanauchumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz waliwafuatilia watoto hao walipokuwa watu wazima, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo: waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuja kupata kipato kilichozidi kwa takribani asilimia 31 kile cha wenzao ambao hawakupewa hati, ilhali waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo, na huenda walipungukiwa kidogo. Mume alihitimisha kwamba mtaa uchaguliwe kwa ajili ya mtoto wa miaka 7, kwa kuwa dada yake amekwisha kuchelewa.

Hitimisho hilo linavuka mpaka wa ushahidi. Jaribio lilihusu familia zilizotoka katika umaskini mkubwa, na kaya hii haikuwa hivyo. Mitaa yote iliyokuwa ikilinganishwa ilikuwa na shule zinazokaribiana kwa ubora. Lakini jaribio hilo linasema jambo moja linalofaa: kuhama kwenyewe kuna gharama, na kwa kijana gharama hiyo ina muda mfupi wa kurudi. Kwa binti, basi, jambo la kwanza lilikuwa kutafuta mahali ambapo hatalazimika kuhama tena kabla hajamaliza shule. Ubora wa shule kwenye orodha ulikuwa jambo la pili. Hilo lilitulazimisha kuuliza mkataba wa nyumba ni wa muda gani na mwenye nyumba ana mpango gani nayo. Fleti ya Kati ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwenyewe alikiri kwamba alikusudia kuiuza.

Kwa hiyo mitaa yote mitatu ilianguka, huku yakiwa yamesalia majuma mawili na nusu. Uamuzi uliofuata, kwa maoni yangu, ndio uliowaokoa. Muuguzi alitangulia peke yake na kupanga chumba kwa mwezi mmoja karibu na hospitali, wengine wakabaki walipokuwa. Ilikuwa gharama ya ziada na iliwauma. Lakini mkataba wa mwezi mmoja hufutika kirahisi, ilhali wa miaka miwili uliosainiwa kutoka mbali hufutika kwa hasara, na ujuzi wa jiji hupatikana kwa kuishi ndani yake.

Katika juma la pili la kazi aliwauliza wauguzi wenye zamu kama zake wanaishi wapi. Swali hilo halikuwa limetujia hata mara moja tulipokuwa tukichambua ramani. Wengi wao walitaja mtaa mmoja ambao haukuwamo katika orodha yoyote, ulio kilomita 8 kutoka hospitali, kwenye njia ya reli ya jiji. Treni huchukua dakika 11, na ya kwanza huanza kabla ya zamu ya usiku kumalizika. Kutoka kituoni hadi kwenye nyumba za kupanga ni mita 600 tambarare. Duka la dawa, shule zote mbili na zahanati viko upande uleule wa barabara kuu, hivyo bibi halazimiki kuivuka, jambo ambalo ramani hailionyeshi kama lina maana yoyote. Kodi ilikuwa asilimia 31 na usafiri 7, jumla 38.

Nyumba zenyewe hazivutii. Ni majengo ya ghorofa tatu yasiyo na lifti, jiko ni jembamba, na watoto wangelala chumba kimoja. Fleti ya kwanza iliyokuwa wazi ilikuwa ghorofa ya pili, na mume, akiwa amechoka kusubiri, alitaka waichukue na kumbeba bibi inapobidi. Muuguzi alikataa. Alisubiri majuma matatu, akaongeza muda wa chumba chake, akapata fleti ya chini kwa mkataba wa miaka miwili wenye haki ya kuongeza miwili mingine kwa notisi iliyoandikwa. Kabla ya kusaini alikwenda kuisikiliza saa 4:00 asubuhi, siku mbili tofauti. Alisikia watoto wa shule wakati wa mapumziko, na treni. Alisema treni anaweza kuizoea, kwa sababu inapita na kwisha.

Sasa wamekaa miezi 14. Muuguzi haendeshi gari baada ya zamu ya usiku. Binti anakwenda shule na kurudi mwenyewe, na mara mbili kwa juma anashuka kituo kimoja mbele kwa ajili ya mazoezi. Mume anafanya kazi chumbani, kwenye meza iliyoegemezwa kitandani, na kila tunapozungumza hunikumbusha vyumba vinne vya Viungani, nusu kwa utani. Ana haki, kwani gharama ya uamuzi ule inamwangukia yeye zaidi kuliko wengine, na katika hesabu zetu zote hatukumwekea safu yake.

Kwa bibi uchambuzi wetu ulipungua pakubwa. Tulimpimia mita, ngazi, zahanati na kuvuka barabara, na yote hayo yalitoka sawasawa. Hatukumpimia watu. Kwa miezi mitano ya kwanza alifika kila mahali tulipohakikisha kwamba angefika, akarudi nyumbani bila kuzungumza na mtu, mpaka siku moja akaomba arudishwe alikotoka. Kilichobadilika ni benchi lililo nje ya kituo cha treni, ambalo wanawake wawili wa umri wake hulikalia kila asubuhi kusubiri wajukuu wapite kwenda shule. Siku hizi hukaa watatu. Hatukuliona benchi hilo tulipokuwa tukikagua mtaa, na hata kama tungeliona, hakuna kati yetu ambaye angejua kwamba la kuangalia ni nani analikalia na saa ngapi.

Mume ameanza kuulizia nyumba ya kununua katika mtaa huohuo. Nimemwambia asubiri mpaka binti amalize shule, na kwamba akitembelea nyumba yoyote aende na mama mkwe wake, asubuhi, kwa miguu kutoka kituoni.